Tela la korosho lililopasuka chesesi Mtama, na kiraka kilicholipasua mara ya pili

Kisa hiki nakiweka chote maana kila msimu wa korosho napigiwa simu ya aina hii hii: lori limesimama barabara ya Mingoyo kwenda Masasi, chesesi ya tela, yaani ile fremu ya chuma ya chini, imepasuka, tajiri mwenye gari yuko hewani anasema fundi piga kiraka tu gari ifike Mtwara. Afu ukifika unakuta kiraka kipo tayari, kuna mwenzako alishapiga zamani, na mpasuko mpya umetokea pembeni ya kile kiraka chake.

Gari yenyewe ilikuwa semi tela la ekseli tatu, springi za majani, limebeba korosho ghafi kwenye magunia ya jute, yale ya kilo 80, magunia 300 na ushee. Limepakia kwenye maghala ya vyama vya msingi huko juu upande wa Masasi linashuka kuja ghala kuu Mtwara. Suka, yaani dereva, anasema alifunga breki kali kidogo kukwepa ng'ombe, akasikia mlio kama bati zito limekunjwa, afu tela likawa linavuta upande wa kushoto. Akasimama hapo hapo nje kidogo ya mji wa Mtama, mkoa wa Lindi, utingo akaingia chini na tochi ya simu. Hapo nampa suka maksi zake, maana wapo wengi wangesema ngoja nifike Mnazi Mmoja huko mbele ndo nitaangalia, na chesesi iliyopasuka namna ile na tani 24 na ushee mgongoni haikupi muda wa kuangalia.

Ilikuwa Novemba. Wa kwetu mnajua, kusini mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba inakwenda mpaka Aprili au Mei, na minada ya korosho inaanza Oktoba, kwahiyo vitu viwili hivi vinakutana barabarani. Korosho ikilowa ubora unashuka daraja na bei inashuka nayo. Ndo maana hakuna mtu anataka kusikia neno "kushusha" njiani, si suka, si tajiri, si wenye mzigo. Na suka ana hofu yake nyingine ambayo mafundi hatuifikirii: gunia likipungua hata moja linakatwa kwenye posho yake.

Kabla sijaondoka Mtwara huwa naomba picha tatu, moja ya mbali nione tela lote limesimamaje, moja ya karibu pale penye mpasuko, na moja ya springi na mikono yake hata kama wao wanaona hapana shida. Hiyo ya tatu ndo wanaleta kwa kusita. "Fundi springi ziko poa, shida chesesi." Sawa, wee nitumie tu. Picha ya karibu ilionyesha kutu ya kahawia imeshuka kutoka kwenye mstari kama chozi, na kutu haianzi leo. Mlio wa breki ulikuwa ndo mwisho wa safari, mpasuko ulishaanza kitambo.

Tumefika mi na dogo na pikapu, jenereta nyuma. Kitu cha kwanza sikugusa mashine. Tukaweka mawe na vigingi kwenye tairi, pembetatu za akisi mbele na nyuma mbali kabisa maana magari ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini yanapita pale kwa kasi, tukachomoa nyaya zote za umeme kati ya kichwa na tela na kutoa betri. Watu wanadharau hii. Matela ya sasa yana kisanduku cha breki za ABS chenye kompyuta ndani, umeme wa kuchomelea ukipita humo umeua kitu ambacho bei yake inazidi kazi yako yote.

Afu nikalala chini na brashi ya waya, chaki na mafuta ya taa. Kama hujawahi kufanya hivi jaribu siku moja: safisha chuma mpaka king'ae, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke kabisa, afu paka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanatoka taratibu yanachora mstari mweusi kwenye ile chaki, na ule mstari unakuonyesha ncha ya ufa iko wapi hasa, ambayo kwa macho huioni. Kwa macho ufa ulikuwa unaishia katikati ya ubavu wa reli, reli ni zile chuma mbili ndefu za chesesi, kushoto na kulia. Kwa chaki ulikuwa umepanda zaidi ya hapo vidole viwili.

Sasa picha kamili. Reli ya kushoto, mbele tu ya hanga ya kwanza, hanga ni ile miguu iliyochomelewa chini ya reli inayoshika springi. Kuna kiraka cha zamani, bati nene la mraba, limechomelewa pande zote nne, ubavuni na likazungushwa mpaka kwenye flenji ya chini, yaani lile bapa la chini la reli. Na ufa mpya umeanzia kwenye flenji ya chini pale pale ukingo wa kiraka unapoishia, ukakata flenji yote, ukapanda ubavuni.

Wanaouliza kwa nini kiraka kinapasua, hapa ndo penyewe. Tela limeshikwa sehemu mbili, kingpini huku mbele, ile pini inayoliunga na kichwa, na ekseli kule nyuma, mzigo uko katikati, kwahiyo reli inapinda kwenda chini na flenji ya chini ndo inavutwa. Ukiichomelea mstari unaokata flenji kwa upana, umeweka kovu kwenye upande ule unaovutwa. Afu bati nene la mraba linaifanya sehemu ile iwe ngumu isipinde, na pembeni yake reli bado inapinda kama kawaida, kwahiyo kila shimo la barabara mvuto wote unajikusanya kwenye ule ukingo. Ingekuwa ajabu kama pasingepasuka.

Nikampigia tajiri. Ni mama mmoja wa Masasi, ana magari mawili, mtu wa maneno machache.

"Mama shikamoo, nimeshaiona gari yako."

"Marahaba mwanangu. Mie nataka mzigo ufike, mvua hiyo inakuja. Piga hicho kiraka, mengine tutaongea Mtwara."

Kubishana kwa simu na mtu ambaye haoni kitu ni kazi bure, nikampigia tena kwa video ya WhatsApp. Tukaweka jeki ya chupa ya tani 20 chini ya reli juu ya kipande cha mbao ngumu, karibu na mpasuko. Dogo akapandisha taratibu. Ufa ukafumba, mstari tu. Akashusha, ukafumbuka, nikachomeka jino la msumeno wa chuma likaingia lote na kucheza ndani. Pandisha, shusha. Mama akanyamaza kidogo, afu akasema "kumbe linapumua".

Hapo ndo tukaanza kuongea kama watu. Nikamwambia kuchomelea likiwa na mzigo haiwezekani kwa sababu mbili. Moja, chuma kikiwa chekundu hakina nguvu, na juu kuna tani zako, ufa unaweza kufunguka mimi nikiwa chini yake. Pili, ni korosho. Watu wanaiona korosho kama mahindi, siyo. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na yakishika moto yanawaka kwa hasira na moshi mbaya, na gunia la jute likiingiwa na cheche moja haliwaki, linafukuta. Unamaliza kazi unakunja nyaya unaondoka, masaa mawili baadae suka anaona moshi kwenye kioo.

Akauliza sasa nifanyeje. Njia zilikuwepo tatu na kila moja ina gharama. Ya kukodi Fuso kadhaa zije kubeba, hiyo ingekula faida yake yote. Ya kufunga bati kwa bolti afu gari itambae mpaka Mtwara na mzigo wote, hiyo kuna wanaofanya, mi sikubali kuweka jina langu, flenji ikishakatika yote hakuna cha kufunga. Ya tatu akaisema mwenyewe: gari yake ya pili ilikuwa imeshusha Mtwara inarudi tupu. Basi iwekwe ubavuni, vijana wa Mtama wahamishe magunia moja kwa moja kutoka tela hili kwenda lile, bila kugusa ardhi, mzigo uendelee na safari, na hili bovu tulichomelee likiwa tupu afu lirudi Masasi kupakia upya. Kwahiyo hela ya vijana wa kubeba ndo ilikuwa nyongeza pekee. Suka akasimama juu na daftari, utingo chini, kila gunia linaitwa kwa sauti na pande zote mbili. Hakupotea hata moja.

Wakati wanahamisha mi nikaenda kwenye kile nilichokuwa nakitafuta tangu ile picha ya tatu. Nimeangalia tairi za kushoto, zimeliwa upande mmoja. Nikachukua futi ya kamba nikapima kutoka kingpini mpaka katikati ya habu, kitovu cha gurudumu, ya ekseli ya kwanza, kushoto na kulia. Inatakiwa zilingane, ukikuta tofauti ya milimita tatu hivi unaanza kuuliza maswali. Hapa ilikuwa inazidi sentimita moja. Ekseli imekaa mshazari. Kwa nini? Torki rodi, ule mkono unaoshika ekseli isiende mbele wala nyuma, bushi yake ya kushoto, ule mpira wa kwenye kiungo, imeisha kabisa, mpira hakuna, chuma kinacheza ndani ya chuma. Ukifunga breki ekseli nzima inarudi nyuma, inagonga, na kichwa cha ule mkono kimefungwa wapi? Kwenye hanga ya kwanza. Kwahiyo kila breki ni nyundo moja kwenye hanga ile, kutoka Masasi mpaka Mtwara kama kilomita 200, hesabu mwenyewe breki ngapi.

Bushi ile ndo ilipasua mara ya kwanza. Fundi wa kwanza akaziba ufa akaiacha nyundo inaendelea kupiga, na kiraka chake kikaipa pa kupasulia pazuri zaidi.

Mtama bushi ya saizi ile hatukupata. Mama akaituma kutoka Masasi na basi la asubuhi, pamoja na yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli, kwahiyo kazi ya chuma ikaanza siku hiyo na ya springi kesho yake.

Tela tupu likafagiwa, maana mbao za chini zimejaa vumbi na vipande vya maganda, tukalowesha kwa maji, ndoo za mchanga karibu, mtungi wa kuzimia moto karibu, hosi za upepo zilizopita jirani na hanga tukazifunika na gunia lililoloa. Klampu ya athi, ile ya kurudisha umeme kwenye mashine, nikaifunga kwenye reli yenyewe, chuma kilichosafishwa, hatua moja kutoka pa kuchomelea. Usifunge kwenye rimu au ekseli kwa sababu ya uvivu wa waya, umeme utapita kwenye bearingi na kuzichoma vidoti, utasikia zinavyolia baada ya mwezi.

Tukatoa kiraka kizima kwa grenda. Kazi ya taratibu na ya kelele, disku zinaisha, na hapa ndo mafundi wengi wanakata kona maana hakuna anayelipa kwa kutoa. Chini yake tukakuta ufa wa kwanza kabisa, haujachimbwa, haujatobolewa mwisho, umefunikwa tu na bati, na ulikuwa umeendelea kutembea gizani ukiwa humo. Kwahiyo nyufa mbili jirani. Kila ncha nikaitoboa tundu la milimita 8, mbele kidogo ya pale chaki iliposema unaishia. Ufa una ncha kali, na ukali ule ndo unaoupa nguvu ya kusonga, ukiishia kwenye tundu la mviringo hauna pa kushika. Afu tukachimba mfereji wa V kufuata ufa mpaka karibu upande wa pili.

Vijiti. Hapa nataka kusema kitu maana duka lolote la vifaa ukienda ukasema nipe vijiti vya kuchomelea wanakupa 6013. Ni vizuri, mageti, madirisha, havina shida. Ila kwa chesesi ya tela sehemu inayovutwa mi natumia 7018. Zile namba mbili za mwanzo ni nguvu ya kuvutwa, 60 ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba na 70 ni pauni 70,000, lakini sababu yangu kubwa siyo hiyo. Ni haidrojeni. Unyevu uliomo kwenye ganda la kijiti unageuka haidrojeni ndani ya chuma cha moto, na chuma kigumu kikipoa kinapasuka chenyewe kwa ndani, wakati mwingine kesho yake, gari imeshaondoka. 7018 imetengenezwa haidrojeni iwe kidogo, ila ikiwa kavu tu. Ukifungua pakiti ukaiacha kwenye pikapu wiki nzima kwa hewa hii ya bahari ya Mtwara, umenunua 7018 unachomelea na kitu kingine. Mi nina kitanuri kidogo cha kubeba, vijiti vinakaa humo vya moto na natoa kimoja kimoja. Dogo ananiona mshamba, akija kuwa na gari yake atanielewa.

Tukapasha chuma na mtungi wa gesi mpaka tone la maji likidondoka linarukaruka na kupotea, unyevu wote umekimbia. Kijiti cha milimita 2.5 kwa mstari wa chini ya mfereji, afu cha 3.2 kwa kujaza, ampia 110 hivi, holda ya kijiti kwenye chanya ya mashine. Ubavuni unapanda, unaanza chini kwenda juu, arki, ule moto wa ncha ya kijiti, iwe fupi, hutanui sana mkono. Wengine wanashusha kwa sababu ni haraka na inatoka laini inapendeza, ila moto hauingii ndani, unapaka tu juu. Kila mstari unapiga ganda lote, brashi, unaangalia ndo unaendelea. Nyuma nako tukachimba mpaka tukakuta chuma kisafi tukajaza. Kwenye flenji tuliweka vipande vya chuma pembeni, ukaanzia huko nje na kumalizia huko nje, ili ile mianzo na miisho ambayo huwa na makosa isibaki kwenye ukingo wa flenji, afu ukavikata ukasaga. Na kusaga ni kwa kufuata urefu wa reli. Ukisaga kwa kukata upana, kila mkwaruzo wa grenda ni ufa mdogo unaosubiri.

Jenereta nayo nisiisahau. Ile ndogo ya kva 5 na mashine ya inveta na grenda kubwa vyote kwa pamoja haviendi, moto unashuka, arki inakufakufa, na kila inapokufa unaacha shimo. Bora kubeba jenereta kubwa ulalamikie dizeli.

Bati la kuongeza nguvu tuliliweka, lakini ubavuni tu, unene hauzidi wa ubavu wenyewe, tumelikata ncha zake zimechongoka kwenda mbele na nyuma ili ugumu upungue taratibu, na zile ncha zenyewe hatukuzichomelea. Flenji ya chini hatukuigusa tena. Suka akauliza mbona hamjazungusha, ile ya mwanzo ilionekana ngumu zaidi. Nikamwonyesha kipande kilichotoka kwa grenda.

Tulikaa zaidi ya nusu saa baada ya arki ya mwisho tunanusa na kushika mbao kwa mkono. Kesho yake bushi, yu-bolti zikakazwa, ekseli ikavutwa mpaka vipimo vya kushoto na kulia vikalingana.

Bei ndo ilileta maneno kidogo. Mama aliona kazi ya kuchoma ni muda mfupi tu, mbona hela imezidi ya yule wa kwanza. Nikamgawia: mafuta ya kwenda na kurudi, dizeli ya jenereta, vijiti, disku, bati, na kazi, ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa kutoa kiraka alichokwisha kukilipia. Akalipa, akapunguza kidogo kama kawaida ya Masasi.

Nilimwambia pia mzigo upangwe upya. Kikomo cha ekseli tatu za pamoja zenye tairi pacha, kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, ni tani 24, na kikomo cha juu kabisa cha gari yoyote ni 56. Gari yake ilikuwa inapita mizani kwa jumla, ila vijana wa kupakia wanapenda kurundika nyuma kwa sababu ndo mlango upo huko.

Reli ya kulia nayo chaki ilionyesha ufa mdogo kwenye kona ya hanga, urefu wa kucha. Nikaupiga alama ya sindano kwenye ncha nikamwambia suka aangalie kila akifika kituoni. Msimu ulipoisha ulikuwa umepita alama, mama akaniita, tukaufanyia kazi uani kwake Masasi kwa umeme wa kawaida, bila gari ya pili, bila vijana wa kubeba, akalipa sehemu ndogo tu ya ile ya Mtama. Mshono wa kushoto tuliupaka chaki tena siku hiyo, haukutoa mstari. Bushi za ekseli ya tatu zimeanza kucheza na nimemwonyesha, anasema zinasubiri mnada wa kwanza.